Rai ya Kiongozi Siyo Uamuzi wa Mtaa

Katika visiwa vyetu hapana uongozi ulio karibu na mwananchi kuliko ule wa mtaani. Waziri huonekana kwa nadra, Mkuu wa Mkoa hufika kwa ziara, Mwakilishi na Mbunge wana vikao vyao. Lakini sheha, balozi wa shina, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa kamati ya skuli na katibu wa jumuiya ya mtaa ni watu tunaosali nao safu moja, tunaozikana nao na tunaoombana nao chumvi. Kwa sababu ya ukaribu huo huo, uongozi wa mtaani una khatari ambayo uongozi wa juu hauna kwa kiasi hicho. Mwananchi hushindwa kujua ni wakati gani anazungumza na jirani yake na ni wakati gani anazungumza na kiti. Na kiongozi mwenyewe, mara nyingi bila ya dhamira mbaya, naye huacha kujua.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa ni jambo dogo kwa sura na kubwa kwa athari. Tunasema mapema ili tusifahamike vibaya: kiongozi wa mtaa ana haki kamili ya kuwa na rai yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni, na haikumtoa sheha wala mwenyekiti wa kamati. Asichokuwa na haki nacho ni kuivisha rai yake nguo ya ofisi, akaipitisha mitaani kama amri, au akaipeleka juu kama kauli ya wananchi.

Ili tulifahamu jambo lenyewe hatuna budi kutazama mamlaka ya mtaani yanatoka wapi, kwani hayatoki mahali pamoja. Sheha hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na ni mkono wa Serikali katika shehia. Balozi huchaguliwa na wanachama wa shina lake, na ni mtumishi wa Chama. Mwenyekiti wa kamati ya maji, ya skuli au ya wavuvi, na katibu wa jumuiya iliyosajiliwa, hao huwekwa na wakaazi au wanachama wenzao kwa kazi moja maalumu. Basi hapo pana vyanzo vitatu vya mamlaka, na kila kimoja kina mwenyewe wa kuulizwa. Lakini visiwa ni vidogo na watu wenye nafasi ya kujitolea ni wachache. Hivyo mara nyingi kofia mbili au tatu hukutana juu ya kichwa kimoja, au katika nyumba moja. Hilo pekee si kosa. Kosa ni mtu kuvaa kofia zote kwa wakati mmoja, asiseme ni ipi inayozungumza.

Kuchanganyika huku kuna historia yake. Katika zama za chama kimoja, kwanza chini ya ASP na baadaye chini ya Chama Cha Mapinduzi kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, tawi la Chama ndilo lililokuwa mlango wa mwananchi kwa karibu kila shida yake. Kiongozi wa tawi alizungumza kwa niaba ya Chama na Serikali, na hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza ni kwa niaba ya nani hasa. Utaratibu ule ulikuwa na kazi yake kwa wakati wake. Lakini mwaka 1992 nchi yetu iliingia katika mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Jumuiya iliyofungua mlango kwa wananchi kujiunga na kusajili jumuiya zao. Na mwaka 1998 sheria ya tawala za mikoa ikamwekea sheha nafasi yake na kazi zake, sheria ambayo ilifuatiwa na nyengine mwaka 2014. Kwa maneno mengine, sheria zimeshazitenganisha kofia. Tabia zetu ndizo zilizochelewa kufuata.

Wala tusidhani kuwa tunazungumza juu ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wazanzibari 1,889,773, na visiwa vyetu vimegawika katika shehia 388. Ukigawa utaona kuwa kila sheha, kwa wastani, anabeba dhamana ya watu wapatao 4,900. Hao ni watu wa vyama mbalimbali, wenye rizki mbalimbali, wazaliwa na wahamiaji, wenye kuafikiana naye na wasioafikiana naye. Neno moja la mtu wa namna hiyo linafika mbali kuliko anavyodhani anapokuwa barazani anakunywa kahawa.

Tuanze na athari inayoshuka chini, kwa mwananchi. Mkaazi wa shehia humhitaji sheha katika mambo mengi ya maisha yake. Anahitaji barua ya utambulisho na uthibitisho wa ukaazi. Anamhitaji anapozaliwa mtoto, anapofiwa, anapohamia na anapogombana na jirani yake juu ya mpaka. Mtu unayemhitaji kiasi hicho humbishii. Akisema barazani kwamba yeye haipendi biashara ya fulani pale njiapanda, mwenye biashara ataifunga kesho yake, ingawa hapana sheria iliyomtaka afunge wala kikao kilichokaa. Akisema kwamba kwa rai yake wageni kutoka wilaya nyengine wamezidi mtaani, mwenye nyumba ya kupangisha atamtoa mpangaji. Sheha atasema kwamba hakuamuru mtu. Ni kweli hakuamuru. Lakini aliyesikia hakuwa na njia ya kulijua hilo, na hakuthubutu kuuliza.

Hali ni hiyo hiyo katika kamati ndogo. Tuchukue mfano wa majengo marefu ya Michenzani, au mtaa wowote ambao watu wake wanachangia pampu moja ya maji. Mwenyekiti wa kamati, kwa uchungu wake, anasema ngazini kwamba asiyelipa mchango mwezi huu akatiwe maji. Hiyo ni rai yake. Kamati haijakaa. Lakini kijana mwenye ufunguo wa pampu ameisikia, naye ameipokea kuwa ni agizo. Na jioni ile nyumba yenye mgonjwa inakosa maji ya kutawadhia na ya kupikia. Nani alaumiwe? Kijana atasema aliagizwa, mwenyekiti atasema alizungumza tu, na kamati itasema haikuhusishwa. Dhuluma imetendeka na hapana aliyeitenda. Hapo ndipo palipo ubaya wa kuchanganya rai na dhamana: uamuzi unapatikana, mwenye kuujibia hapatikani.

Twende pwani. Katika vijiji kadhaa vya mwambao wetu wananchi wameafikiana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza apate kukua, kisha huufungua kwa siku iliyopangwa. Kusini mwa Unguja, Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na kamati za wavuvi za vijiji zimekuwa na sehemu yao katika ulinzi wa bahari ile. Sasa mwenyekiti wa kamati ya namna hiyo naye ni mvuvi. Ana dema zake, au ana mshipi wake, au ana hisa katika juya la ndugu yake. Hawezi kukosa rai juu ya lini mwamba ufungwe na nani azuiliwe wapi, na rai hiyo haiwezi kukosa harufu ya chombo chake. Akiitoa kikaoni huku kila mtu anajua kuwa yeye ni mwenye dema, itapimwa pamoja na rai ya mwenye mshipi na rai ya akina mama wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua. Lakini akiitoa njiani, kwa sauti ya mwenyekiti, akina mama hao watarudi nyumbani na mikuki yao, na siku ya kikao hawatafika kwa kuwa wameshaambiwa jambo limekwisha.

Hayo ni ya kushuka chini. Yapo ya kupanda juu, na sisi tunayaona kuwa ni mazito zaidi, kwa sababu hapa mwananchi hata hajui kuwa amesemewa. Ofisa wa Serikali anatoka mjini kwa shughuli ya siku moja. Kuna njia inataka kupanuliwa, au kiwanja cha mpira kinaombwa kwa ujenzi, au mwekezaji anataka njia ya kwendea pwani ihamishwe ipite nyuma ya ukuta wa hoteli. Ofisa hana wakati wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Humwita kiongozi, akamuuliza wananchi wanaonaje. Kiongozi anajibu kwamba hapana tatizo, wananchi wameridhia. Pengine yeye mwenyewe ameridhia kweli, kwa nia njema, kwa kuwa anaona ajira kwa vijana na taa za barabarani. Ofisa anaandika: wananchi wameridhia. Karatasi inakwenda wilayani, inakwenda mkoani, inakwenda wizarani, na kila inapopanda inazidi kuwa nzito, mpaka inarudi kijijini ikiwa ni uamuzi wa Serikali. Siku tingatinga linapofika, wavuvi wanauliza ni nani aliyeulizwa. Watu elfu kadhaa wanakuta kwamba rai ya mtu mmoja imefanywa rai yao.

Mambo kama haya ndiyo yanayozaa maneno, na maneno yakazaa uhasama, na wananchi wakaiona Serikali kuwa ni ya hila ilhali Serikali yenyewe ilidanganyika. Kwa hiyo tunawaambia maofisa wetu, bila ya kuficha, kwamba lawama si ya kiongozi wa mtaa peke yake. Anayeuliza mtu mmoja akaandika watu wote, naye ameshiriki.

Wengi wetu tulianza kusoma chuoni kabla ya kuingia skuli, na huko tulisimuliwa kisa cha Barira. Alikuwa mjakazi aliyeachiwa huru mjini Madina, na alipopata uhuru wake alichagua kuachana na mumewe, Mughith, ambaye alikuwa bado ni mtumwa. Mume yule akawa anamfuata njiani huku machozi yanamtoka. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwonea huruma, akamtajia Barira lau angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ilikuwa ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, bali ni maombezi tu. Barira akasema kwamba kama ni hivyo hana haja na mtu yule, na jambo likaishia hapo.

Tukizingatie kisa hiki, kwani kina mafunzo matatu kwa kiongozi wa mtaa. La kwanza, mwanamke aliyekuwa mtumwa jana aliona kuwa ana haki ya kuuliza: hili ni agizo au ni ushauri? La pili, aliyeulizwa, na hapana mwenye cheo kikubwa kuliko chake katika umma ule, alijibu wazi wala hakumwacha katika wasiwasi. La tatu, na ndilo linalosahauliwa, baada ya Barira kukataa hakununiwa, hakunyimwa haki yake, wala hakuwekewa kinyongo. Rai isiyoweza kukataliwa bila ya mtu kuumia imeshakuwa amri, hata ikaitwa jina gani.

Vitabu vya kale husimulia pia habari ya Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala baina ya mwaka 717 na 720, kwamba alikuwa akiizima taa iliyowashwa kwa mafuta ya Baitulmali kila mazungumzo yalipohamia kwenye mambo ya nyumbani kwake, akawasha taa yake mwenyewe. Siku hizi hatuna taa za mafuta katika ofisi za shehia, lakini tuna muhuri, tuna karatasi zenye nembo, tuna kipaza sauti cha kutangazia mikutano, na tuna makundi ya simu ambamo kiongozi huwapelekea watu wa mtaa matangazo ya maji, chanjo na usafi. Vyote hivyo ni mafuta ya umma. Kiongozi anayeandika kwenye kundi la mtaa habari ya chanjo ya watoto, kisha kwa jina lile lile na mahali pale pale akatia kejeli zake juu ya chama fulani au familia fulani, ameacha kuizima taa. Msomaji hawezi kujua chanjo inaishia wapi na kejeli inaanzia wapi.

Tunajua yatakayosemwa kutupinga, na ni haki yasikilizwe. Wako watakaosema kwamba mtu hawezi kukatwa vipande viwili, kwamba katika visiwa vidogo kila mtu anamjua mwenzake, na kuwa sheha ataendelea kuitwa sheha hata akiwa harusini. Hayo ni kweli. Ndiyo maana wahenga wakasema ukubwa ni jaa: aliyeukubali amekubali kutupiwa kila kitu, na sehemu ya mzigo huo ni kuuchunga ulimi wake mahali ambapo wenziwe wanauachia. Hatumtaki kiongozi awe bubu. Tunamtaka aongeze maneno machache tu: hii ni rai yangu mimi, kamati haijakaa. Maneno hayo hayagharimu fedha za Serikali, na yanamwachia jirani yake uhuru wa kusema la.

Wako wengine, na hawa ni makada wenzetu, watakaosema kwamba kiongozi yupo kwa ajili ya kuonesha njia, na kwamba kiongozi asiyetoa msimamo ni mhesabu kura tu. Hoja hii ina uzito na hatuipuuzi. Lakini Chama chenyewe kimetufundisha mahali pa kuonesha njia, napo ni kikaoni. Kikaoni kiongozi aseme yote aliyonayo, abishane, ashawishi, apige hesabu, awalete wenziwe upande wake ikiwa ana hoja. Penye wengi hapaharibiki neno. Kikao kikishaamua, atoke na uamuzi wa kikao. Anayekwepa kikao akaupeleka msimamo wake moja kwa moja mitaani hakuonesha njia, amewafungia wenziwe mlango. Na makada tukumbuke kwamba miongoni mwa ahadi za mwanachama wa CCM, tulizozirithi kutoka TANU, ni kukitambua cheo kuwa ni dhamana na kutokitumia kwa faida yetu binafsi. Faida haiwi ya fedha tu. Mtu kupata ushindi wa ubishi wake kwa nguvu ya kiti nako ni kujipatia faida.

Je, kiongozi afanye nini ikiwa dhamiri yake haikubaliani na kazi aliyopewa? Kabla ya sensa ya Agosti 2012 baadhi ya Waislamu nchini walitaka swali la dini liwemo katika dodoso, na wengine wakahimiza watu wasikubali kuhesabiwa. Kiongozi wa mtaa aliyekuwa na rai hiyo hakuwa na kosa kwa kuwa nayo. Mbele yake zilikuwepo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuwaongoza makarani nyumba kwa nyumba kama dhamana yake inavyomtaka, na akiulizwa aseme kuwa yeye binafsi angependa swali lile liwemo lakini kazi hii ni ya Serikali na yeye ameikubali. Ya pili ni kukiacha kiti. Njia ya tatu, ya kubakia kwenye kiti huku akiwanong'oneza majirani wajifiche, hiyo si dhamiri, ni khiyana, kwa sababu imekula upande wa ofisi na upande wa upinzani kwa mkono mmoja.

Kukiacha kiti si aibu. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani wa Muungano mwaka 1977, kufuatia vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Yeye binafsi hakumpiga mtu wala hakuamuru apigwe. Aliona kuwa mtu na kiti ni vitu viwili, na kwamba kiti kikiwa na la kujibu, aliyekikalia ndiye wa kujibu. Heshima yake haikupungua: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kiongozi wa mtaa anayedhani kwamba atadharauliwa akisema "hapa mimi nina maslahi, naomba mwengine aongoze kikao hiki" na ajifunze kutoka kwa mzee huyo. Hata sheria ya maadili ya viongozi wa umma ambayo Zanzibar iliitunga mwaka 2015 inalitazama suala la mgongano wa maslahi, na yanayowahusu wakubwa kwa sheria na yawahusu wadogo kwa adabu.

Hatuwezi kumaliza bila ya kugusa siasa, kwa kuwa huko ndiko watu walikoumizana zaidi. Mwaka 2009, wakati wa kuandikisha wapiga kura kwa ajili ya uchaguzi wa 2010, palitokea mvutano mkubwa, hasa Pemba, na sehemu ya malalamiko iliwahusu masheha na uthibitisho wao kwa watu waliokuwa wakitafuta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hatukusudii kuifungua tena kesi ile wala kumhukumu mtu. Tunachotaka kusema ni kwamba sheha anayejulikana mtaa mzima kwa ukali wa maneno yake ya kisiasa, hata akimkatalia mtu barua kwa sababu halali kabisa, hatoaminika. Amejivunjia mwenyewe silaha yake. Na yule mwenye haki, akiiona sura ya sheha huyo, huenda asende kabisa kuomba, akaikosa haki yake bila ya kunyimwa na mtu. Hasara ya kwanza ni ya Serikali, na ya pili ni ya mwananchi. Kwa Chama hakuna faida hata chembe.

Mwaka uliofuata visiwa hivi vilitoa mfano mwema. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 waliikubali. Kila upande ulikuwa na waliotaka na wasiotaka. Siku ile sheha alikuwa na kura moja, balozi kura moja, mchuuzi wa samaki kura moja. Karatasi ya kura haikuwa na mahali pa kuandika cheo. Ndivyo rai inavyopaswa kuwa: sawa kwa wote. Na kwa kuwa Katiba yetu tangu mwaka huo imeweka misingi ya serikali ya pamoja, itakuwa ni kichekesho ikiwa viongozi wa juu wa vyama tofauti wataweza kukaa meza moja, halafu mtaani mwananchi apimwe kwa maskani anayokaa kabla ya kuandikiwa barua.

Sasa tunatoa ushauri wetu, nao ni mwepesi kutekelezeka.

Kwa maofisa wa Serikali, kuanzia wilayani mpaka wizarani: msipokee neno "wananchi wameridhia" lisilokuwa na muhtasari wa kikao. Muhtasari useme kikao kilikaa lini na wapi, walihudhuria wangapi, wanawake wangapi, nini kilipingwa na nani alikipinga. Karatasi inayoonesha kwamba watu wote walikubali kila kitu itiliwe shaka, kwani sisi tunawajua watu wetu. Na mnapomwita sheha au mwenyekiti, mwulizeni maswali mawili badala ya moja: kamati imeamua nini, na wewe binafsi unaonaje? Rai yake ina thamani, kwa kuwa anaujua mtaa. Iandikwe, lakini iandikwe kwa jina lake.

Kwa wakuu wa wilaya na mikoa: sheha mpya anapopewa barua ya uteuzi, apewe na mafunzo ya siku hata mbili juu ya jambo hili, na muhuri wa shehia uwe na daftari lake linaloonesha umepigwa kwenye nini na lini. Muhuri usiokuwa na daftari ni kalamu ya mtu binafsi.

Kwa Chama chetu: matawi yaache kumtumia sheha kama katibu mwenezi, na mabalozi waache kutoa vyeti visivyokuwa vyao. Tukitaka watu watupende, tuwashawishi kwa kazi na kwa hoja. Mwananchi aliyekuja kwetu kwa kuogopa kukosa barua hatukumpata, tumemkodi tu. Na vyama vyengine vilivyo na viongozi katika kamati za mitaa navyo visijione vimetolewa katika maneno haya. Mwenyekiti wa kamati ya skuli anayeigeuza kamati kuwa uwanja wa upinzani hana tofauti na yule anayeigeuza kuwa tawi.

Kwa kamati na jumuiya: uamuzi ubandikwe ubaoni, uwe na tarehe na saini za zaidi ya mtu mmoja. Lisilobandikwa lihesabiwe kuwa ni mazungumzo.

Na kwa wananchi wenzetu, mzee kwa kijana, mwanamume kwa mwanamke: tujizoeze kuuliza kwa adabu lile swali la Barira. Sheha, hili ni agizo la Serikali au ni rai yako? Mwenyekiti, kamati imekaa? Kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Ni kumsaidia kiongozi asije akabebeshwa asichokiamua. Kiongozi muungwana atafurahi kuulizwa, na akikasirika, mtaa utakuwa umeshapata jawabu lake.

Uongozi wa mtaani hauna mshahara mnono wala gari yenye bendera. Wengi wa wanaoufanya wanajitolea, wanaamshwa usiku kwa ugomvi wa watu na wanatangulia makaburini kwa misiba ya watu, nasi tunawashukuru kwa hayo. Kwa kuwa malipo yao makubwa ni kuaminiwa, basi wailinde amana hiyo. Wazungumze kama majirani wanapokuwa majirani, na wazungumze kama kiti pale tu kiti kilipokwisha kuamua.